Vizibo vya masikio vya filta kwa wale tunaoenda shoo ndogo za laivu peke yetu

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka aende zake. Kama we ni mtu wa shoo ndogo za laivu, zile za ukumbi mfupi ambao mpiga gitaa unamuona mpaka kucha, na hasa kama unaendaga mwenyewe bila kampani, tafuta vizibo vya masikio vya filta. Sio vile vya sponji vya kutumia na kutupa, vya filta, yaani vinavyoshusha sauti bila kuuharibu muziki. Vina kasoro na nitazitaja, kuna moja inanikera mpaka leo, ila kwenye begi langu havitoki. Kampuni sitaji maana nimeshavaa vya watengenezaji tofauti na naona tofauti kubwa iko kwenye aina, sio kwenye jina lililochapwa kwenye kopo.

Sasa kwanini nasema hasa anayeenda mwenyewe. Ukisoma watu wanaosifia au kuponda hivi vitu mtandaoni, wengi ni wapiga dramu, au mafundi mitambo, au watu wa matamasha makubwa ya viwanjani. Sisi tunaofika mlangoni na tiketi moja hakuna anayetusemea, na matumizi yetu ni tofauti kabisa. Ukiwa na marafiki shoo unaisikia vipande vipande, mara huyu ana kiu, mara yule katoka nje kupokea simu mnamfuata, mara mnapiga picha, mnarudi ndani wimbo umeshaisha. Ukiwa peke yako unachagua pa kusimama, na ukishapata pazuri hutaki kupaacha maana hakuna wa kukushikia nafasi, kwahiyo unaganda hapo hapo kuanzia bendi ya kufungua mpaka taa zinawashwa na vijana wanaanza kukunja nyaya. Sauti yote inayotoka jioni ile unaipokea nzima, hujapumzika hata kidogo. Halafu huna wa kupiga naye stori, masikio hayana kazi nyingine, unasikiliza kweli kweli. Mi ndo ninachokipendea kwenda mwenyewe, na ndo maana masikio yangu yanahitaji ulinzi kuliko ya wale waliokuja kumi.

Kuna watu wanadhani ukumbi mdogo maana yake sauti ndogo. Wapi! Kwenye ukumbi mdogo dramu hazihitaji spika kabisa. Mpiga dramu akigonga sneya, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, na yale matoazi, sauti inatoka yenyewe inakufikia moja kwa moja, na fundi mitambo hana kitufe cha kuipunguza, anachoweza ni kupandisha vingine vyote mpaka vilingane nayo. Mpiga gitaa anaongeza amplifaya yake ili ajisikie, mpiga besi anaongeza ili asizidiwe na gitaa, mwisho mwimbaji lazima apandishwe juu ya wote, yaani dramu ndo zimeamua kiwango cha usiku mzima na hakuna aliyepiga kura. Afu kuta ziko karibu, sauti haina pa kukimbilia, inagonga inarudi. Uwanjani pa wazi ukirudi nyuma mara mbili ya umbali uliokuwepo unapata nafuu ya kama desibeli 6 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), ila kwenye chumba kidogo unarudi nyuma unaikimbia spika unakutana na ukuta unakurudishia ile ile, nafuu unayopata ni kiduchu.

Namba kidogo, haziumi. NIOSH, ile taasisi ya Marekani inayoshughulika na usalama na afya makazini, kikomo inachopendekeza ni desibeli 85 kwa masaa 8. Kila ukipanda desibeli 3 muda unakatwa nusu. Kwahiyo 88 ni masaa 4, 91 masaa 2, 94 saa moja, 97 nusu saa, na 100 ni dakika 15 tu basi. Ndio, najua, hiyo kanuni iliwekwa kwa ajili ya watu wanaopigiwa kelele kazini kila siku miaka nenda miaka rudi na we unaenda shoo mara moja moja, lakini sikio lenyewe halijui kama kilicholia ni mashine ya kukata vyuma au ni solo la gitaa ulilolisubiri wiki nzima. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2022 lilitoa viwango vyake vya usikilizaji salama kwenye kumbi na matamasha, wastani usizidi desibeli 100 ukipima kwa dakika 15, sauti ifuatiliwe muda wote, wateja wapatiwe vizibo, na pawepo sehemu tulivu ya kupumzisha masikio. Ni mapendekezo mazuri sana. Kuna ukumbi nilikuta bakuli la vizibo vya sponji pale kaunta, chukua mwenyewe, bure, nikafurahi. Kuna mwingine nikamuuliza mhudumu kama wanavyo akadhani namtania.

Ukitaka kujua ukumbi wako uko wapi kwenye hizo namba, NIOSH wana apu ya bure ya kupimia sauti kwa wenye iPhone. Na we si uko peke yako bana, mapumziko ya kati ya bendi na bendi unajifanya una meseji za muhimu kumbe unasoma ujumbe wa mwezi uliopita, basi ifungue hiyo upime, walau simu unayoishika ina kazi. Bendi ikirudi iangalie tena. Usishangae ikicheza kwenye 100 na bado hakuna anayeonekana kushtuka.

Basi tuje kwenye kitu chenyewe. Kizibo cha filta, kile cha kununua tayari sio cha kupimiwa, ni kijimpira cha silikoni chenye ngazi mbili au tatu za duara, ndogo mbele kubwa nyuma, na katikati kuna tundu limepita, ndani ya tundu ndo kuna hiyo filta, kadude kadogo ambako ukikatoa unakashika kwa kucha. Sauti inaruhusiwa kuingia ila inapunguzwa. Ukivishika mkononi unaweza ukajiuliza unalipia nini hapa, ni vipande viwili vya mpira, na hata mimi nilijiuliza.

Unalipia hivi. Kizibo cha sponji kinazuia sauti nyembamba za juu kuliko kinavyozuia zile nzito za chini. Matokeo yake besi inabaki, mapigo ya dramu yanabaki, maneno ya mwimbaji na mng'ao wa matoazi vinaondoka, unasikia shoo kama iko nyumba ya jirani na we umekaa kwako. Pia sikio likiwa wazi, ule mfereji wake wenyewe, ambao una urefu wa kama sentimita 2 na nusu, huwa unaongeza nguvu sauti za juu juu kidogo, za kwenye hezi 2,700 hivi au zaidi kidogo (hezi ni kipimo cha wembamba au uzito wa sauti), na hapo ndo kuna vitu vingi vinavyofanya maneno yasikike yamenyooka. Ukiuziba, ile nyongeza inakufa. Filta nzuri imetengenezwa kuirudisha, ili kinachopungua kipungue karibu sawasawa kuanzia chini mpaka juu, muziki uwe ule ule ila umeshushwa. Wazo hili lilianza kuuzwa mwaka 1988 na kampuni ya Etymotic Research ya Marekani, iliyoanzishwa na Mead Killion, vizibo vya wanamuziki vya kupunguza kama desibeli 15, vinavyochongwa kwa kufuata sikio la mtu mmoja mmoja. Hivi vya dukani vya saizi ya kila mtu vilifuata njia hiyo hiyo kwa gharama nafuu.

Na desibeli chache tu zinabadilisha hesabu yote. Chukua ukumbi wa 100, toa 12, umebaki na 88. Kutoka dakika 15 mpaka masaa 4. Bendi ya kufungua, mapumziko, bendi kubwa na zile nyimbo mbili za kurudi baada ya watu kupiga kelele za "bado", vyote vinaingia humo.

Kuvaa sasa, maana nusu ya malalamiko ninayosoma naona kabisa mtu hajavaa, amevining'iniza tu. Ukivaa cha sikio la kulia, mkono wa kushoto upitishe juu ya kichwa, shika ncha ya sikio la kulia uivute juu na nyuma kidogo, mfereji unanyooka, ndo unasukuma kizibo taratibu huku unakizungusha. Kikiingia vizuri utajua kwa sauti yako, sema "mmm", inageuka inakuwa nzito ndani ya kichwa. Kama hamna kilichobadilika hakijakaa. Kisipokaa besi inavuja inaingia pembeni na sauti za juu zinazuiwa, unapata matope, halafu unakuja mtandaoni unaandika nyota moja. Ule mkono juu ya kichwa najua unaonekana kituko, wenye kampani wanavaa huku wanachekwa na wenzao, we hapo hakuna anayekujua, vaa. Nenda kavae kwenye kona kabla bendi haijapanda kama unaona aibu.

Na vaa mapema. Hili nalisema kwa msisitizo manake wengi wanasubiri masikio yaanze kuuma ndo wakumbuke. Ukivaa katikati ya wimbo unaona umepunjwa, kila kitu kimeshuka ghafla, hamu inakata. Ukivaa kabla ya bendi ya kwanza kupiga, ubongo unachukua kile kiwango kama ndo cha kawaida, na nyimbo mbili tatu mbele unasahau.

Kinachofuata ndo kimenifanya niandike. Sikio likipigwa na sauti kubwa sana lenyewe linaanza kuvuruga, sauti zinapandiana, gitaa na matoazi vinakuwa kelele moja nyeupe. Ukishusha kidogo vinaachana. Nakumbuka bendi moja ya watu watatu, dramu, besi na gitaa, chumba kimejaa, nilikuwa nimesimama pembeni ya meza ya mitambo na vizibo vyangu masikioni, ikafika sehemu gitaa limenyamaza na mpiga besi anatembea kwenye nyuzi mwenyewe na dramu zinagongwa kwa mbali. Nilisikia kidole kinavyoteleza kwenye uzi kabla ya noti. Kile kijimlio kidogo cha ngozi na chuma. Jamaa aliyekuwa mbele yangu alikuwa kaziba sikio moja kwa kidole, lile la upande wa spika, na lingine kaacha wazi, sasa yeye alichokisikia sijui ni nini lakini uso wake haukuwa wa mtu anayefurahi.

Ila msinielewe vibaya, vizibo havitengenezi mitambo mibovu. Kama mwimbaji kazama kwenye gitaa atabaki kazama, tofauti atakuwa amezama kwa sauti ya chini. Kwahiyo pa kusimama bado panahusika sana, na hapa mtu wa peke yake ana faida ambayo kundi haina, maana nafasi ya mtu mmoja haikosekani. Mbele kabisa katikati panavutia, unaona kila kitu, lakini kwenye ukumbi mdogo spika kubwa za mwimbaji ziko pembeni kushoto na kulia zinawatazama walioko nyuma yako, we hapo mbele unachopata ni dramu zenyewe na amplifaya za jukwaani, maneno huyasikii. Na amplifaya ya gitaa inatoa sauti kama tochi inavyotoa mwanga, aliyesimama kwenye mstari wake anamulikwa yote, wakati mpiga gitaa mwenyewe yuko juu yake inampita magotini, ndo maana anaongeza tu. Kona nazo besi inajazana. Pazuri ni karibu na fundi mitambo, mbele yake kidogo au pembeni, kwa sababu rahisi tu kwamba yeye anapanga sauti kwa masikio yake akiwa amesimama pale. Usimzibe asione jukwaa, na usiweke kinywaji chako kwenye meza yake, hiyo ni vita.

Haya, kasoro.

Ile inayonikera mpaka leo ni hii: wimbo ukiisha na mwimbaji akaanza kuongea. Muziki umenyamaza, yeye anaongea taratibu, mdomo uko mbali na maiki, anasimulia wimbo unaofuata aliuandikaje au anamtania mpiga dramu wake, ukumbi mzima unacheka, na we umeshushiwa desibeli zako hujaambulia kitu. Ukiwa na mwenzako unamgeukia, "kasemaje?" Ukiwa mwenyewe unacheka tu na wengine. Kuvitoa na kuvirudisha kila wimbo haiwezekani, ule mkono juu ya kichwa utakuwa unafanya mazoezi ya viungo. Kuna vizibo vya kuzungusha kipete kubadilisha kiwango, vinasaidia, lakini vinakuwa vizito na vikubwa na mi sikuvipenda sikioni. Ninachofanya ni kulegeza kimoja kwa kidole, cha upande wa jukwaa, nikisikia dramu zinahesabu nakisukuma ndani. Sio suluhisho la maana sana.

Kasoro ya pili ni kuimba. Ukiimba na sikio limezibwa sauti yako inatetemeka kupitia mifupa ya kichwa inanaswa mle ndani, unajisikia mkubwa kuliko bendi. Wanaovipachika vizibo juu juu wanateseka zaidi, vikiingia ndani vizuri inapungua ila haiishi. Kwa upande mwingine utajua ukweli kuhusu uimbaji wako. Hata kutafuna bigijii kunakuwa tukio.

Kuongea na watu nako kuna utata. Watu wanadhani ukivaa vizibo huwezi kumsikia mtu, na mle ndani kwenye kelele kubwa ni kinyume, mtu mwenye masikio mazima anaweza kumuelewa anayemsemesha vizuri tu akiwa kavaa, na wakati mwingine vizuri zaidi, kwa sababu kelele na maneno vinashuka pamoja na sikio halizidiwi. Shida iko kwako wewe unayejibu. Sauti yako unaisikia kubwa kichwani kwahiyo unaongea chini bila kujua, mwenzio anaona midomo inacheza tu. Unamjibu mtu aliyekuuliza "hii bendi ushawahi kuwaona?" anakuinamia "eeh?", unarudia, "eeh?", mwishowe anatikisa kichwa kwa adabu na anageuka. Kwa aliyekuja mwenyewe na alikuwa anatamani stori mbili tatu hapo umepoteza. Pandisha sauti mpaka uone kama unapiga kelele, hapo ndo sawa. Na kuna ile ya mtu akikuona umeziba masikio anadhani umejifungia, hutaki kusemeshwa. Vile vya mpira usio na rangi havionekani kirahisi, ukitaka watu wakusogelee chukua hivyo. Kama ulienda ili usisemeshwe na mtu, na siku hizo zipo, chukua vyekundu.

Faida moja hapo sikuitegemea kabisa: yule mtu anayekuongelesha kwa kukupigia kelele ndani ya sikio, mdomo umekugusa kabisa. Kile kinauma kuliko spika. Ukiwa umevaa kinapita salama.

Kupotea vinapotea. Vidogo, vyeusi, sakafu nyeusi, taa hafifu, miguu ya watu. Kikidondoka huna mwenzio wa kukumulikia na wa kuzuia watu wasikikanyage, na hata ukikipata hicho hakirudi sikioni mpaka kioshwe. Vyenye kamba ya kupita nyuma ya shingo havipotei lakini kamba ikisugua kola unasikia mkwaruzo mpaka ndani, mi niliitoa. Kijikopo chake kifunge kwenye funguo, ukikiweka begini tu utakuja kukikumbuka ukiwa ndani na begi umeliacha mlangoni.

Saizi nayo, baadhi wanaweka ncha mbili au tatu kwenye boksi na wengine moja tu, na masikio ya mtu mmoja yanaweza yasilingane, la kulia saizi hii la kushoto saizi ile. Usinunue vyenye ncha moja kama hujawahi kuvaa. Ukianza kusikia maumivu baada ya nusu saa ni kikubwa, usijilazimishe, hakilainiki kwa kuvumiliwa.

Namba za kwenye boksi zinawachanganya watu. Utakuta NRR, hiyo ni namba ya Marekani ya kuonyesha kizibo kinapunguza kelele kiasi gani, au SNR, ya Ulaya, usizilinganishe moja kwa moja kama kitu kimoja. Zote zimepatikana maabara, mtu kavalishwa vizuri, katulia. We unavaa gizani huku unasukumwa, unapata pungufu ya hapo. Na kubwa zaidi sio bora zaidi kwa kazi yetu, kuna vya sponji vya NRR 33 vimetengenezwa kwa ajili ya mitambo na kelele za kazini, ukienda navyo kusikiliza bendi umejinyima muziki uliolipia kiingilio. Na mtu akijinyima hivyo anavitoa wimbo wa tatu, basi havijamlinda chochote.

Sponji lakini sijaitupa. Nabeba pea moja mpya ya akiba, imefungwa kwenye karatasi yake, kwa siku ambayo cha filta kimeangukia miguuni mwa watu, au bendi iko juu kupita kiasi na filta haitoshi. Hii ya pili inatokea. Unaisokota kwa vidole iwe nyembamba, unavuta sikio vile vile, unaiingiza na kuishikilia mpaka ijae. Zaidi ya mara moja imeishia kwa mtu niliyesimama naye, nikimuona anaziba kwa vidole namnyooshea, na hayo maongezi hayahitaji sauti kubwa, anaonyesha dole gumba basi.

Shoo ikiisha, vitoe ukiwa umeshatoka nje na usishangae dunia ikiwa na sauti kali kidogo, miguu kwenye lami, funguo, mtu anacheka mbali. Hapo masikio yako ni mazima. Wale waliokuwa ndani bila kitu ndo muda huo wanaongea kwa kupayuka na kesho asubuhi wataamka na mluzi kichwani. Mluzi ukiisha watu wanasema "si imepona", sasa shida ni kwamba vile vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti kwa binadamu vikifa havioti tena. Kwa ndege vinaota, iligunduliwa miaka ya 1980 wakichunguza kuku na ndege wengine, kuku anapoteza usikivu na anaurudisha. Sisi hapana. Na kama unarudi mwenyewe usiku, hakikisha umevitoa kabla ya kuanza kutembea, unataka kusikia gari inayokuja nyuma na mtu anayekuja nyuma pia.

Usafi ni kazi ndogo, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, filta itoe kwanza maana ikilowa inagoma mpaka ikauke, na nta ya sikio ikiziba lile tundu sauti inakuwa hafifu upande mmoja, mtu anadhani ameanza uziwi kumbe ni uchafu. Kama una maumivu, maji yanatoka, au sikio limeziba lenyewe, usisukume kitu humo, muone daktari kwanza. Na kama mluzi unakaa siku nzima au zaidi vile vile.

Nani asinunue? Kama shoo zako ni za mtu mmoja na gitaa kavu, watu wamekaa vitini kimya, hapo vizibo vitakunyima utamu bure, acha nyumbani. Kama unaenda mara moja kwa mwaka chukua sponji pale kaunta ukivikuta. Vile vya kuchongewa kwa sikio lako mwenyewe ni vitamu kweli, unasahau umevaa, ila gharama yake ni mara nyingi ya hivi, na sikio linaweza kubadilika kidogo kadiri miaka inavyoenda ukalazimika kuchongewa vingine, mi ningeanza na vya dukani kwanza. Angalia tu kabla hujalipa kama ncha za akiba zinauzwa peke yake, maana silikoni inachoka inakuwa ngumu, na kuna watengenezaji ukitaka ncha mpya wanakuambia ununue boksi zima upya.